Ujumbe Uliotupwa

Duka la Jafari, hatua chache kutoka soko kuu la Mtwara, lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Ulikuwa msimu wa korosho. Wakulima walishalipwa, na kila aliyeshuka kutoka Newala au Tandahimba alitaka simu mpya, redio mpya, au angalau chaja isiyochezacheza. Tatu Nangomwa alijipenyeza kwa bega, mtandio wake wa zambarau ukimteleza kichwani, akafika kaunta jasho likimtiririka mgongoni.

"Jafari, nipe ile kadi ya kumbukumbu niliyokuambia uniwekee. Ile ngumu, inayostahimili joto."

Jafari akakuna kidevu. "Dada Tatu, ilikuwepo."

"Ilikuwepo ndiyo nini?"

Jafari akashusha pumzi. Alielekeza macho pembeni, alikosimama kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi kana kwamba anakwenda kuoa. Kijana alikuwa anaitumbukiza ile kadi mfukoni.

"Kaka, hiyo ina mwenyewe," Tatu alisema.

"Mwenyewe ni mimi. Nimeshailipia."

"Niliiagiza wiki iliyopita."

"Uliiagiza, hukuja. Mimi nimekuja." Akatabasamu, na tabasamu lile likamkera Tatu kuliko maneno. "Kwani unaitakia nini, dada? Picha za harusi zinaingia hata kwenye kadi ya kawaida."

Wateja wakacheka. Tatu akavuta mtandio wake mahali pake.

"Najenga Linux."

"Unaweka Linux."

"Nimesema najenga. Naanza na kiini cha mfumo wa kompyuta, naongeza kipande kimoja kimoja kwa mkono wangu mpaka mashine iwake. Sipakui ya mtu."

Kijana akamtazama upya, kuanzia mtandio hadi kandambili. "Na kwa nini ujipe tabu hiyo? Zipo tele, zimejengwa na watu wanaojua."

"Na wewe ni mmoja wa hao wanaojua?"

"Kidogo."

"Basi kwa hicho kidogo chako nenda kaoge. Marashi yako yanatutoa machozi humu ndani."

Safari hii duka zima lilicheka, na aliyeondoka na aibu alikuwa yule kijana. Lakini aliondoka na kadi.

Jumatatu asubuhi Tatu alimkuta ofisini.

Ofisi ilikuwa nyumba ya zamani ya kuishi huko Shangani, madirisha yake yakitazama bahari. Hapo ndipo ulipokuwa mradi wa tahadhari ya mafuriko ya mto Ruvuma. Mpango wake ulikuwa mwepesi kuueleza: chombo kimoja kingekaa juu ya nguzo mtoni, kabla ya kijiji cha Kitaya, kipime kina cha maji. Maji yakivuka alama ya hatari, chombo kitume ujumbe kwenye kompyuta ya Shangani, nayo kompyuta hiyo ikiamrishe king'ora cha Kitaya kilie. Tatu alikuwa na sababu yake ya kuing'ang'ania kazi hiyo. Nusu ya ukoo wa mama yake ulilima mpunga katika bonde lile.

"Huyu ni Filipo Mgaya," alisema Mama Rebeka, mkuu wa mradi, mwanamke wa Kihaya mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. "Kwao Njombe, ametokea Dar es Salaam. Yeye atashika kompyuta ya hapa, wewe utashika chombo cha mtoni. Mbona mnatazamana hivyo? Mnajuana?"

"Hapana," walisema wote wawili kwa pamoja.

Kabla ya chai ya saa nne walikuwa wameshagombana. Kompyuta yoyote ikipata umeme, kiini cha mfumo ndicho kinachoamka kwanza, nacho huamsha programu moja tu. Hiyo moja ndiyo inayoziamsha nyingine zote. Mjenzi akikosea kuichagua, kila kinachofuata kinakwenda mrama. Tatu alikuwa amechagua runit, programu ndogo isiyo na mbwembwe.

"Runit?" Filipo aliuliza kana kwamba ametajiwa ugonjwa. "Watu wanatumia systemd. Ile inajua nani atangulie na nani amsubiri mwenzake. Hiyo yako inafungua mlango tu, kila mtu anatoka mbio."

"Hiyo yako ni nzito kama lori la korosho. Chombo changu kinaning'inia juu ya mto, kinakula sola. Ndani kina programu nne. Unataka nimwajirie meneja kwa ajili ya watu wanne?"

"Na siku ukiolewa ukaenda zako, nani atakifungua hicho chombo akielewe?"

"Mambo ya kuolewa kwangu yanakuhusu nini?"

"Hayanihusu. Na saa je? Bodi hizo hazina saa yake. Zikizimika, zinaamka hazijui leo ni lini. Weka kile kisaa chenye betri."

"Vimeshaniozea viwili kwa unyevu. Saa itachukuliwa mtandaoni."

"Mtandao wa Kitaya?"

"Ndiyo, wa Kitaya. Unaufahamu? Umewahi kufika?"

Mama Rebeka akapiga meza kwa kiganja. Chombo ni cha Tatu, atachagua Tatu. Kompyuta ya ofisi ni ya Filipo, atachagua Filipo. Mwenye nongwa akanywe chai.

Jioni ile Tatu alikuta kitu mezani kwake, chini ya kikombe. Ilikuwa ile kadi.

"Nani amekuomba?" alimuuliza.

"Hakuna. Nimeona chombo kinaihitaji kuliko mimi."

"Sisemi ahsante."

"Sijakaa hapa kuisubiri."

Kilichoanza baadaye hakuna aliyekipanga. Filipo alianza kupiga simu saa za jioni, kwa kisingizio cha kazi.

"Umechagua ganda gani la amri, la kukiandikia chombo maagizo?"

"Dogo kuliko yote."

"Nilijua. Wewe ukipewa nyumba utang'oa hata madirisha uone kama itasimama."

"Na wewe ukipewa chumba utaweka makochi mpaka mlango usifunguke. Lala salama, Bwana Pasi."

"Lala salama, mkorofi wangu."

"Wangu wa nani?"

Simu ilikatika, na Tatu akajikuta anacheka peke yake uani, mama yake akimtazama kwa jicho la pembeni. Wakaanza kutembea pamoja Shangani jua likipungua makali, yeye na gauni lake la kitenge, Filipo na viatu vya ngozi vilivyojaa mchanga kwa sababu aliona haya kuvivua. Waligombana njia nzima. Siku alipomshika mkono, walikuwa katikati ya ugomvi kuhusu maktaba za programu, na hakuna aliyeacha kubisha.

"Unajua nakupenda?" Filipo alisema.

"Usibadilishe mada."

"Sijabadilisha."

Nyumbani kwao Rahaleo habari zilifika kabla yake. Mama yake, Bi. Mwajuma, alikuwa anapepeta mchele barazani.

"Huyo bwana anasali wapi?"

"Kanisani, mama."

Ungo ukaendelea kupanda na kushuka. "Mwambie njia ya kuja hapa ina mashimo."

Chombo kilifungwa mtoni mwezi wa kumi na mbili. Tatu mwenyewe alisimama mbele ya wanakijiji wa Kitaya, akawaeleza kwa Kiswahili na kwa Kimakonde kwamba sasa wanaweza kulala. Kikilia king'ora, waondoke. Kisipolia, wako salama.

Machi mvua ilikaa, na haikutaka kuondoka. Mawingu yalilala juu ya bonde siku baada ya siku. Asubuhi moja, Tatu akiwa bado anasuka nywele, simu ya mama yake iliita. Alikuwa mjomba Omari, kaka mkubwa wa mama, ambaye kule Kitaya alikuwa na mtumbwi na alikuwa na neno la mwisho katika ukoo.

"Fatuma yuko juu ya dungu," alisema, sauti ikikatikakatika. "Maji yameshafika kwenye ngazi. Nakwenda kumchukua. Ombeni Mungu."

Fatuma alikuwa mama mdogo wa Tatu. Msimu wa mpunga alihamia kwenye dungu lake, kibanda cha juu ya miti, kulinda shamba lisiliwe na viboko.

Tatu alimpigia Filipo. "King'ora kimelia?"

"Hakijalia. Hakuna ujumbe wowote ulioingia. Chombo chako kimelala, Tatu."

Tatu na Filipo walifika Kitaya mchana. Bonde lilikuwa ziwa la rangi ya chai ya maziwa. Mama mdogo Fatuma alikuwa hai. Dungu lilianguka mjomba alipokuwa bado anapiga kafi kulifuata. Alimtoa majini nyonga imevunjika. Alilazwa kwenye mkeka nje ya ofisi ya kijiji akisubiri gari, na Tatu alipopiga magoti kando yake, aligeuza uso ukutani.

"Mama mdogo."

"Niliamka nikasikia maji," Fatuma alisema bila kumtazama. "Nikajiambia, hayo si makubwa, mtoto wetu angetuambia. Nikalala tena."

Akavuta kanga, akajifunika uso.

Watu walikusanyika uwanja wa shule, matope hadi magotini. Mjomba Omari alisimama, nguo zikimganda mwilini.

"Zamani vijana wetu walikuwa wanauzungukia mto kwa zamu. Ukaja wewe, damu yetu, ukatuambia tulale. Tukalala. Sasa sema."

Tatu alipiga hatua moja mbele. Ndipo Filipo aliposimama. Shati lake lilikuwa bado jeupe.

"Wazee wangu, kompyuta ya Mtwara ilikuwa macho. Ujumbe haukuja. Chombo cha mtoni alikijenga mwenzangu, na mfumo alioutumia mimi niliukataa tangu mwanzo."

Nyuso zote zikamgeukia Tatu. Mwanamke mmoja, ambaye Tatu alisoma naye darasa la kwanza, akatema mate chini. Mwingine akasema kwa sauti, "Amekuja kutujaribia vitu vyake." Kijana mmoja aliokota bonge la tope, na kama si mjomba kunyanyua mkono, lingempata.

Gari lilikuwa limeshashika njia ya lami.

"Nimesema ukweli," Filipo alianza.

"Umeniuza mbele ya mjomba wangu."

"Ulitaka niseme nini? Niwadanganye?"

"Ungesema tumekosea. Ungesema hatujajua, tunatafuta. Ulikuwa na maneno mengi ya kuchagua, ukachagua yanayokuacha wewe msafi. Dereva, simamisha."

"Tatu, mvua hii!"

"Simamisha gari!"

Alishuka, akabamiza mlango. Filipo aliposhusha kioo, alikuta ameshampa mgongo.

Tatu aliifunga namba ya Filipo asimpigie. Filipo akatumia simu ya ofisi. Akaifunga na hiyo. Akatuma ujumbe kwa namba ya jirani yake Tatu: *Mahabuba wangu, nisikilize dakika moja tu.* Tatu alimjibu kwa simu hiyohiyo ya jirani: *Mahabuba wako yuko matopeni, kamtafute huko.*

Nyumbani hali haikuwa nyepesi. Mama mdogo aliletwa Rahaleo kuuguzwa baada ya hospitali, akawekwa chumba cha Tatu. Alipokea uji kutoka mikononi mwa Tatu bila kumwambia ahsante, na mama alipita ukumbini akisema na kuta kuhusu wasichana wanaojifanya mafundi. Tatu alilala sebuleni, na mezani pake alikuwa na kile chombo, kimeng'olewa mtoni kikiwa na tope mpaka ndani ya skrubu.

Alikisafisha, akakipa umeme. Badala ya kompyuta ya ofisi, akakielekeza kitume ujumbe kwenye simu yake mwenyewe. Akainua boya la kupimia kina kwa kidole, kama maji yanapopanda. Simu ikalia. Akazima, akawasha, akainua boya. Simu ikalia tena. Akakaa chini sakafuni. Kisha akavaa baibui, akabeba chombo kwenye kapu la sokoni, akaenda Shangani.

"Chombo changu kinatuma!" alisema kabla hajafika mezani kwa Filipo. "Kilituma na siku ile. Wewe ndiye uliyekitupa!"

"Hakikutuma. Kompyuta yangu haikupokea kitu."

"Mwongo."

"Na wewe ni jeuri. Mtu akikuambia kosa lako unataka kumng'oa macho."

"Mwongo mwenye pasi!"

"Nyamazeni!" Mama Rebeka alitoka chumbani kwake, miwani mkononi. "Fanyeni hapa, mbele yangu. Fanyeni kama ilivyokuwa mtoni. Atakayepaza sauti nitamtoa nje kama kuku."

Walikielekeza chombo kitume kwenye simu ya Tatu na kwenye kompyuta ya ofisi pia, wakachomoa umeme, wakakiacha kizimike kama kilivyozimika sola ilipokosa jua siku zile za mawingu, kabla ya mwanga kidogo kukiamsha tena. Wakala chakula cha mchana, kila mmoja akiwa amempa mwenzake ubavu. Waliporudi wakakiwasha, na Tatu akainua boya mara moja, kama mto uliokuwa umeshajaa. Simu yake ikalia.

Kompyuta ya Filipo ilikaa kimya.

Filipo akakunja uso. Akavuta kiti, akafungua programu aliyoiandika mwenyewe, akasoma, midomo ikicheza. Akaivuta simu ya Tatu karibu.

"Saa," alisema polepole. "Ujumbe huu unasema sasa ni asubuhi. Chombo kimeamka na saa ile kilipozimika."

"Kwa hiyo?"

"Niliweka sharti. Ujumbe wenye saa ya nyuma unatupwa. Mtandao ulikuwa unarudisha ujumbe uleule mara nyingi, nikaogopa king'ora kitalia bure, watu wakidharau."

"Uliliweka lini?"

"Januari."

"Ulimwambia nani?"

Filipo aliinamia kibodi. Sauti ya bahari ilisikika mpaka ndani.

"Na wewe," hatimaye alisema, akimgeukia, "kwa nini kipimo kinaanza kusoma kabla saa haijarekebishwa? Runit haikukatazi kukiambia kisubiri. Ni mstari mmoja, Tatu. Mmoja! Na kisaa cha betri nilikuomba. Na kwa nini kitume mara moja tu, kisiulize kama kimesikika?"

Tatu alikigeuza chombo mikononi. Mstari ule aliuona kichwani kama ameuandika, na alijua hakuuandika.

Mama Rebeka akavaa miwani. "Maana yake chombo kilipiga kelele, na ofisi yangu ikaziba masikio. Mtakwenda Kitaya wote wawili mkawaambie."

Kuujua ukweli hakukuwapatanisha. Walichukiana zaidi, kwani sasa kila mmoja alikuwa na haki ya kumlaumu mwenzake na hakuwa na haki ya kujitetea.

Uwanja wa shule ulikuwa umekauka nyufa nyufa walipousimamia tena. Filipo alizungumza kwanza. Alieleza habari ya saa bila kuficha, akasema, "Tumekosea sisi. Yeye kwake, mimi kwangu, na langu nililifanya kimyakimya." Hakuna aliyepiga makofi. Tatu akaomba ruhusa ya kukirudisha chombo kabla ya mvua za mwisho.

Mjomba Omari aliwatazama wote wawili. "Mnakiamini?"

"Tunakiamini," Tatu alisema.

"Basi hamieni huku mpaka mvua ziishe. Wewe utalala nyumba ya Fatuma, bondeni. Bwana huyu atalala kwangu, bondeni. Kisipolia, tutazama wote."

Watu wakaguna kukubali. Filipo alimtazama Tatu, naye hakumtazama.

Walikijenga upya barazani kwa mjomba, kwa kompyuta mbili zilizochajiwa shuleni, kuku wakiwapita miguuni. Wanakijiji walipita kuwasalimia mjomba na mkewe, wao wawili wakawaruka. Tatu alitegemea vita ya kwanza iwe ya programu ya kuamshia.

"Baki na runit," Filipo alisema.

"Unasemaje?"

"Nimeisoma yote. Kwa programu nne inatosha, na sola itapumua. Lakini kila moja iwe na mlango wake. Kipimo kisianze mpaka saa iwe sahihi."

"Na mtandao ukikataa kutwa nzima? Kisubiri huku watu wanazama?"

Filipo akakuna kichwa. "Hapo umenikamata."

"Kisisubiri milele. Kisubiri kidogo, kisha kianze, ujumbe uandikwe kwamba saa haina uhakika. Kirudie kutuma mpaka ofisi ijibu kwamba imesikia. Na kisaa cha betri nakiweka. Nimekifunga kwa silikoni pande zote."

"Na mimi sharti langu nimelitoa. Ujumbe wenye shaka king'ora kinalia, tutaulizana baadaye."

Walitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu Machi hakuna aliyetafuta tusi. Tatu ndiye aliyeharibu.

"Usidhani nimekusamehe."

"Sijadhani."

Filipo alikonda. Mashati yake meupe yaligeuka rangi ya mto. Watu walimcheka alivyotembea matopeni akiinua magoti kama korongo. Homa ilipomshika, Tatu alimletea uji wa muhogo na kusimama mlangoni asiingie.

"Kunywa. Ukifa watasema na wewe nimekuua mimi."

"Nikifa utalia?"

"Nitacheka mpaka kaburini."

Alikunywa wote. Na Tatu, akirudi bondeni na bakuli tupu, alikasirika na nafsi yake kwa jinsi moyo ulivyokuwa ukimwenda mbio.

King'ora kililia alasiri, mvua ikiwa imekatika na jua limetoka, siku ambayo hakuna aliyekuwa anakitegemea. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, juu ya mto. Watu waliinua vichwa mashambani. Kwa kitambo walisimama tu, hawaamini, kwani mto ulionekana mtulivu. Tatu alitoka nje ya nyumba ya Fatuma akipiga kelele kwa Kimakonde mpaka sauti ikakauka. Akamwona Filipo anatoka upande wa pili, amembeba mzee jirani mgongoni, mbuzi wawili wakiburuzwa kwa kamba mkononi.

"Mpe mbuzi mtu mwingine!" Tatu alimfokea. "Utaanguka na mzee wa watu!"

"Basi washike wewe, acha kelele!"

Akawashika. Walipanda na watu wote hadi shuleni, na walipogeuka, maji yalikuwa yameshafika kwenye mlango aliotoka Tatu. Majiko mawili yalikwenda. Mpunga ulikwenda tena. Watu wote walikuwepo.

Hakuna aliyewashukuru. Mjomba Omari alihesabu watu wake kwa macho, akaja pale walipokaa. Akasema, "Kimelia," akampa Filipo kipande cha muhogo wa kuchoma, akaenda zake.

Filipo aliukata muhogo kati, akampa Tatu nusu. Tope lilikuwa limemkauka mpaka kwenye nyusi.

"Tatu, nataka kukuoa."

"Sogea huko, unanichafua."

"Nimesema nataka kukuoa."

"Nimesikia. Mimi si ile kompyuta yako." Alitafuna, akameza kwa shida. "Bado nina hasira na wewe. Nikikukumbuka ulivyosimama pale uwanjani, natamani nikuzabe kibao."

"Nizabe."

Alimzaba. Si kwa nguvu sana, lakini watoto wa shule walisikia, wakageuka. Filipo alishika shavu lake, akacheka, na Tatu akaanza kulia kwa kwikwi, kilio alichokibana tangu siku ya dungu. Filipo hakumgusa mbele za watu. Alikaa tu karibu mpaka kikaisha.

"Njoo Rahaleo," alisema Tatu, akijifuta kwa ncha ya mtandio. "Njoo na mzee wako. Mje mchana, kwa heshima. Na ole wako utamke neno kompyuta."

Mzee Mgaya alisafiri kutoka Njombe na koti lake zito la baridi, na katika joto la Mtwara hakulivua. Bi. Mwajuma aliwaweka barazani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ndipo akawakaribisha ndani. Ndani alikuwepo mjomba Omari, amevaa kanzu na kofia. Mama mdogo Fatuma aliletwa kwa magongo, akakalishwa kwenye kiti chenye mto.

"Ndiye huyu aliyekitupa kilio changu?" aliuliza.

"Ndiye, mama mdogo," Tatu alisema. "Kwa pamoja na mimi."

"Mleteni nimwone." Akamkagua Filipo juu hadi chini. "Mwembamba. Huko kwao hawali?"

Mjomba Omari hakuzunguka. "Bwana Mgaya, sisi tunasali, na ninyi mnasali, lakini si mahali pamoja. Mtoto wangu hatabadili dini."

"Na wangu hajaniambia kwamba atabadili," alisema mzee Mgaya.

"Basi ndoa watafungia wapi?"

"Kwa mkuu wa wilaya," Filipo alisema, "kama mtaridhia."

"Hatujaridhia," alisema Bi. Mwajuma. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na sinia ya wali na bakuli la pweza wa nazi, mikono ya huyo pweza imekunjamana kwenye mchuzi mwekundu. Akaliweka mbele ya mgeni kutoka Njombe na kusimama amejishika kiuno.

Mzee Mgaya alilitazama bakuli. Hakuwa amewahi kumwona mnyama yule, si hai wala aliyepikwa. Filipo alianza kusema kitu. Baba yake akamnyamazisha kwa kidole. Akanawa. Akachukua mkono mmoja wa pweza, akautia mdomoni, akatafuna. Chumba kizima kilimtazama akitafuna. Jasho lilimshuka chini ya koti. Hatimaye akameza, akavuta pumzi, akafungua vifungo vya koti kimoja baada ya kingine, akalivua, akalikunja, akaliweka kando yake juu ya mkeka kama mtu aliyekusudia kukaa.

"Mama," alisema, "hasira yako nimeielewa. Chakula chako nimekipenda. Hayo mengine tugombane taratibu, nina likizo ndefu."

Fatuma ndiye aliyeanza kucheka, akishika nyonga yake kwa maumivu. Mjomba Omari akageuza uso ili kofia imfiche. Bi. Mwajuma hakucheka. Alimtazama mzee, akamtazama Filipo, kisha kwa sauti ileile ya ukali akamgeukia binti yake.

"Tatu, mwongezee mkweo."